Elektroni za kosmiki: kwa nini vipimo vinapishana?

Swali: Satelaiti ya China, DAMPE, na chombo cha Japani, CALET, vyote vinahesabu elektroni za miale ya kosmiki (chembe zitufikiazo kwa kasi kutoka anga za mbali), lakini grafu zao zimeachana. Nani amekosea? Na elektroni hizo zinatoka kwenye maada ya giza, ile maada isiyoonekana inayojulikana kwa uvutano wake tu?

Jibu: Ndugu msomaji, usiharakishe kumtafuta mkosaji. Nishati ikipanda mara 10, elektroni hupungua takriban mara 1,000. Kwenye mteremko mkali namna hiyo, chombo kinachosoma nishati kwa asilimia 5 zaidi ya ilivyo kitakuonyesha elektroni zilizozidi kwa karibu asilimia 10. Hapo ndipo ninapoanza kutilia shaka. Kisha kuna protoni, ambazo huzizidi elektroni mara mia kadhaa na zaidi. Chache tu zikipenya uchujaji, hesabu inavimba.

Tumeshawahi kuyaona haya. Mwaka 2008 kipimachembe ATIC, kilichopaa kwa puto juu ya Antaktika, kilitangaza ziada ya elektroni kati ya GeV 300 na 800 (GeV ni kipimo cha nishati ya chembe; GeV 1,000 ni TeV 1), na wengi wakaitaja maada ya giza papo hapo. Mwaka uliofuata satelaiti ya Fermi, iliyohesabu elektroni nyingi mno kuliko ATIC, haikuiona nundu ile ya ziada. Vivyo hivyo ile nukta moja iliyochomoza kwenye grafu ya DAMPE ya 2017, karibu na TeV 1.4: CALET haikuikuta. Nukta moja mimi siiiti ugunduzi.

Wanachokubaliana ndicho kizito zaidi. Karibu na TeV 1 mteremko wa grafu unakuwa mkali zaidi. Darubini za HESS zilizoko Namibia ziliona hivyo, DAMPE ikaona hivyo, na mwaka 2024 HESS ikaufuatilia hadi TeV 40. Elektroni ya TeV 1 huimaliza nishati yake ndani ya miaka laki chache, ikipita kwenye uga sumaku na mwanga wa galaksi. Kwa hiyo chanzo chake ni jirani, ndani ya miaka ya nuru elfu chache. Majirani wanaotajwa ni masalia ya supanova (nyota iliyolipuka) ya Vela, na pulsa, yaani kiini cha nyota kilichobaki kikizunguka kwa kasi, kama Geminga.

Mimi naegemea pulsa, kwa sababu huzalisha elektroni pamoja na pozitroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya), na ziada ya pozitroni ilionwa na vyombo vya angani PAMELA, kisha AMS. Maada ya giza ingetoa pia miale ya gama, na Fermi imeitafuta miale hiyo kwenye galaksi vibete (galaksi ndogo) bila kuipata kwa uhakika. Hata hivyo pulsa nazo zina kikwazo: mwaka 2017 kituo cha HAWC cha Meksiko, kinachopima miale ya gama, kilionyesha kwamba chembe zinazoizunguka Geminga husambaa polepole mno. Kama mwendo ni huohuo njia nzima, pozitroni zake chache sana ndizo zingetufikia.