Filamu ya kuangalia na watoto

Dada, kwa vile umeomba filamu ya kuangalia na watoto wa miaka 9 na 11, yenye mambo ya shule na isiyo na vurugu, tafuta Akeelah and the Bee, ya 2006. Ni binti wa miaka 11 huko Los Angeles anayeingia mashindano ya kutaja herufi za maneno. Keke Palmer ndiye binti, Laurence Fishburne mwalimu wake, Angela Bassett mama mtu.

Waeleze kwanza mashindano yenyewe, maana Kiswahili tunaandika kama tunavyosikia. Wangu aliniuliza, "Sasa hapo kigumu nini?" Mpaka aliposikia hayo maneno ya Kiingereza yenye asili ya Kigiriki ndipo akanyamaza.

Mimi hapa kwenye kamba ndipo paliponimaliza: mwalimu anagundua herufi zinamkaa kichwani akizitaja kwa mdundo, basi anamrukisha kamba huku binti anazitaja. Wanangu walizunguka na kamba wiki nzima!

Ila baba wa huyo binti aliuawa kwa risasi zamani, inatajwa. Jiandae kuulizwa. Mwisho sikusimulii.