Kiti cha nguo, chini ya kitanda, na kabati lisilopita mlangoni

Naishi bedsita Roysambu. Nguo nilizovaa mara moja huishia kwenye kiti, na sasa kiti chenyewe hakionekani. Ama nifue kila siku?

Kila siku na maji haya ya mgao? La. Nguo hizo si safi za kurudi kabatini, wala si chafu za kutiwa kwenye beseni, ndiyo maana zinazurura. Weka ndoano tano nyuma ya mlango. Mwenye nyumba akikataza misumari, zipo za kutundika juu ya mlango. Zikijaa, nguo ya sita inafuliwa. Na kiti kama hukikalii, kitoe. Ila usitundike karibu na jiko, utafika ofisini ukinukia vitunguu.

Nimevuta katoni ya vitabu vya watoto chini ya kitanda nikakuta imeota ukungu, na ukuta pia. Mimi husafisha! (Mama wa watatu, Umoja)

Pole mama, si uchafu wako. Kuanzia Juni hadi Agosti jua la Nairobi ni la kubahatisha, kuta za mawe hushika baridi, na mvuke wa pumzi na wa kupikia hugeuka majimaji ukutani. Katoni huyanywa yote. Sogeza kitanda shubiri moja kutoka ukutani ili hewa ipite, na ufungue dirisha asubuhi hata kukiwa na baridi. Ukuta ufute kwa dawa ya klorini iliyozimuliwa kwa maji. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, hutoa gesi ya sumu.

Sasa vitabu. Kabla ya kuvitafutia sanduku la bati kule Kamukunji, vichambue. KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, ilifanywa mara ya mwisho 2023. Vitabu vya kuitayarishia havina mtoto wa kuvirithi hapo kwako. Viuze kwa wanunuzi wa karatasi. Vitakavyobaki vianike vikauke kabisa, maana bati hufungia unyevu ndani, kisha liinue sanduku juu ya vibao viwili.

Mume wangu hatupi chaja wala rimoti. Droo hazifungiki.

Mpe droo moja iwe yake, na usiiguse. Zisizoenea humo azichague mwenyewe. Ukimtupia akiwa kazini, utaambiwa mpaka Krismasi kwamba ile moja ndiyo ilikuwa nzima.

Nikinunua kabati kubwa, chumba kitapangika?

Mara nyingi kabati kubwa hujaa vilevile. Toa kwanza usivyovaa, ndipo ujue ukubwa unaohitaji. Ukishaamua, usipime chumba tu: pima mlango, na ile kona ya ngazi kati ya ghorofa na ghorofa. Mafundi wa Ngong Road hutengeneza kwa vipimo vyako, kwa hiyo sisitiza liwe la kufunguka vipande vipande. Mwezi wa kuhama utalishusha kwa ngazi hizo hizo.