Uga wa mfumuko: nani alifunga breki?

SWALI: Dokta, nasoma shahada ya uzamili ya fizikia. Tunafundishwa kwamba Alan Guth alipendekeza mfumuko wa ulimwengu (kupanuka kwa kasi mno mwanzoni kabisa) mwaka 1981 ili tusilazimike kudhani kwamba ulimwengu ulianza ukiwa tayari laini na bapa. Lakini katika mifano ya nadharia ya nyuzi (inayosema chembe zote ni nyuzi ndogo mno zinazotetema) naona uga unaosukuma mfumuko lazima uanzie mahali maalumu, tena ukiwa karibu umesimama. Si ndiyo kusema tumelihamisha tatizo tu?

JIBU: Ungekuwa sahihi kama uga ungeanza popote, vyovyote vile. Hapo ndipo mjadala ulipo.

Tuanze na kasi. Katika mifano mingi ya nyuzi, kama ile ya brani ya D3 (utando wa vipimo vitatu) inayovutwa na antibrani (utando wenye chaji kinyume), tambarare ya nishati inayozalisha mfumuko, yaani sehemu ambako nishati ya uga karibu haishuki, ni fupi mno. Uga ukishuka kutoka juu hufika pale na kasi kubwa, ukaipita kama gari lililokata breki. Brustein na Steinhardt walionya kuhusu hatari ya aina hii mwaka 1993, wakizungumzia uga wa dilatoni, unaoamua nguvu ya mwingiliano wa nyuzi.

Kinachosahaulika ni kwamba kupanuka kwa anga kunautia uga msuguano, na msuguano huo unategemea nishati yote iliyomo, si ya uga peke yake. Ukubwa wa ulimwengu ukiongezeka maradufu, msongamano wa nishati mwendo ya uga hubaki sehemu moja ya 64, wa mnururisho moja ya 16, na mchango wa mpindo wa anga moja ya 4. Kwa hiyo mpindo ukiwapo, haukawii kutawala, na uga unapoteza kasi.

Mpindo utoke wapi? Nadharia ya nyuzi inadhaniwa kuwa na ombwe, yaani hali tulivu za anga tupu, nyingi kupita kiasi. Makadirio yanayotajwa sana ni 10⁵⁰⁰. Ulimwengu wetu unaweza kuwa ulizaliwa kwa kupenya kikwantamu, yaani kuvuka kizuizi cha nishati bila kukipanda, kutoka ombwe moja kwenda jingine. Coleman na De Luccia walionyesha mwaka 1980 kwamba ndani ya kiputo kinachozaliwa hivyo anga lina mpindo hasi (kama tandiko la farasi), na uga huanza na kasi sifuri. Mahali unapoanzia panaamuliwa na umbo la kizuizi ulichopenya. Mwaka 2006 Freivogel, Kleban, Rodríguez Martínez na Susskind waliitumia hoja hii moja kwa moja kwenye tatizo lako. Kwangu mimi, suala la kasi limejibiwa vizuri.

Usawa wa anga, yaani kuwa laini kila mahali, ni mgumu zaidi. East, Kleban, Linde na Senatore walitatua milinganyo ya Einstein kwa kompyuta (matokeo yalichapishwa 2016) wakianza na ulimwengu uliovurugika vibaya. Baadhi ya maeneo yaliporomoka yakawa mashimo meusi, lakini yenye msongamano mdogo yaliendelea kupanuka hadi mfumuko ukaanza. Sharti moja: tofauti za uga zisivuke mipaka ya tambarare. Penye tambarare pana hilo si taabu. Kwenye mifano ya nyuzi linabana. Kiputo kinalikwepa sharti hilo, kwa kuwa ulinganifu wake unalifanya anga la ndani kuwa sawa tangu mwanzo.

Basi kila kitu kinaegemea kiputo, na kiputo kinahitaji ombwe mama yenye nishati chanya inayodumu. Mwaka 2018 Obied, Ooguri, Spodyneiko na Vafa walidai kwamba huenda nadharia ya nyuzi hairuhusu ombwe ya namna hiyo kabisa. Ugomvi huo haujaisha. Upande wa vipimo, data za setilaiti ya Planck zikichanganywa na za galaksi zinaonyesha mpindo sifuri, kukiwa na kosa la takriban 0.002 (kipimo ni mchango wa mpindo ukilinganishwa na nishati yote). Ukija kupatikana mpindo chanya (kama wa uso wa tufe) unaozidi 0.0001, hoja ya kiputo imekufa.

Kabla ya kusoma zaidi, fanya hesabu hii mwenyewe: chukua mteremko usiobadilika ndani ya kiputo, ambako ukubwa wa anga hukua sawia na muda. Utaona kasi ya uga ni robo tu ya ile ambayo ingekuwapo bila msuguano.