Mashua za rimoti: zunguka kwanza, tubishane baadaye

Maswali ya mwezi huu kuhusu mbio zetu za mashua ndogo za matanga zinazoongozwa kwa rimoti, hapa Kigoma, karibu yote yameandikwa na watu wenye hasira. Nimechagua machache. Yaliyobaki yalikuwa matusi, na mmoja wa waliotukana alisahau kuficha namba ya tanga lake.

Swali (Mwanga): Mashua mbili zikikutana uso kwa uso, nani apishe?

Jibu: Mwaka huu peke yake hili nimelijibu mara tatu. Ambaye upepo unamwingia ubavu wa kulia ana haki, wa kushoto anapisha. Zikiwa zote zinaingiwa upepo ubavu mmoja, iliyo juu ya upepo, yaani upande upepo unakotoka, inaipisha iliyo chini. Iliyo nyuma inajilinda isiigonge ya mbele. Yaandike nyuma ya rimoti yako kwa kalamu isiyofutika. Umri wa nahodha, cheo chake kazini na bei aliyonunulia mashua havimo kwenye kanuni.

Swali (Ujiji): Jumapili nilikuwa wa tatu. Kijana akanigonga tukielekea boya la juu, mimi nikiwa na haki. Nikampigia kelele. Sasa viongozi wanataka nimwombe radhi yeye! Haki iko wapi?

Jibu: Haki ilikuwa yako mpaka ulipofungua mdomo. Nilikuwepo, nilisikia uliyosema, na mama muuza migebuka aliyekuwa mbali kuliko mimi alisikia pia.

Kanuni imekupa maneno ya kusema ukigongwa, nayo ni machache kwa makusudi. Taja namba ya tanga lako, sema "napinga", taja namba yake. "Moja-nne napinga nane." Basi. Hakuna "we mtoto", hakuna "nani kakufundisha". Ukishasema, rudisha macho kwenye mashua yako, maana mbio zinaendelea. Akijua amekosea atatoka pembeni aizungushe mashua, ndiyo adhabu yenyewe. Akiona hajakosea, mtakutana mbele ya kamati baada ya raundi, mkiwa mmekaa, kila mmoja na shahidi wake.

Nakueleza hivi kwa sababu yamenikuta. Mwaka jana nilikuwa naongoza, zimebaki kama mita ishirini kufika mwisho, nikageuza mashua puani kwa mashua ya binti wa miaka kumi na mbili hivi. Yangu ni ya mita moja, yake haifiki sentimita sabini. Ilimbidi akate usukani, matanga yakabaki yanapepea, mashua ikasimama. Nikajifanya sikuona. Wala hakupiga kelele. Alisogea karibu yangu, vidole bado viko kwenye rimoti, macho majini, akasema polepole: "Shikamoo babu. Ishirini na tatu hajazunguka." Nikaitikia marahaba, nikazunguka, wanne wakanipita. Tangu siku hiyo sijasikia mtu akimpinga yule binti kwa sauti kubwa, na wala yeye hajawahi kuhitaji sauti.

Watu wa majahazi kule pwani kwenda dhidi ya upepo kwa kugeuza huku na huku wanakuita kubisha. Bisha kwa matanga, mzee wangu. Na nenda kamwombe radhi kijana.

Swali (Bangwe): Nimesoma kwamba adhabu ni mizunguko miwili. Kwetu mnasema mmoja. Nani mkweli?

Jibu: Wote. Miwili ni ya mashua za kupandwa na watu. Za rimoti zina kiambatisho chao, E, ndani ya kanuni za World Sailing, shirikisho la dunia la mchezo wa matanga, na humo adhabu ni mzunguko mmoja: unageuza mara moja pua ikipita kwenye upepo, na mara moja tezi, yaani nyuma ya mashua, ikipita kwenye upepo. Kugusa boya ni mzunguko mmoja vilevile, hata kama hakuna aliyekuona.

Kuna jambo hukuliuliza, nami nalisema kwa sababu nawaona. Ukizunguka na bado ukabaki na faida kubwa uliyoipata kwa kosa lako, unadaiwa mzunguko mwingine. Na kama umemvunja mwenzako mlingoti akashindwa kuendelea, hapo kuzunguka hakutoshi. Toa mashua majini. Wapo wanaohesabu kabisa: "nikimgonga nitapoteza sekunde kumi, lakini yeye atapoteza thelathini." Huo si ujanja wa mbio, ni wizi.

Kitabu kinachotumika sasa ni cha 2025 hadi 2028. Mwenye nakala ya zamani aliyorithi kwa kaka yake aache kuninukulia vifungu.

Swali (Kibirizi): Nafasi ya boya inaanzia wapi? Kila wiki ugomvi ni pale pale.

Jibu: Kwa mashua zetu inaanzia urefu wa mashua nne kutoka kwenye boya. Za kupandwa na watu wanahesabu tatu. Kwa mashua ya mita moja hizo ni mita nne, kwa ya sentimita 65 ni mita mbili na nusu na kidogo. Ya kwanza kufika kwenye mstari huo ikiwa na mwenzake pembeni, aliye ndani, upande wa boya, anapewa nafasi ya kulizunguka. Kama mwenzake yuko nyuma kabisa, hana cha kudai, hata akija kuchomeka pua baadaye.

Sasa ugomvi unatoka wapi? Unatoka machoni. Wewe umesimama ufukweni, boya liko mita thelathini, na unaliangalia kwa mshazari. Mashua mbili zilizoachana kabisa unaziona zimepandana. Ukisogea hatua tano kushoto, picha inabadilika. Kwa hiyo watu wawili wakweli wanaweza kuapa mambo mawili tofauti, na wote wasiwe waongo. Hilo likikuingia, nusu ya hasira itakutoka. Kanuni yenyewe inalijua: kukiwa na shaka ya maana kama uliwahi kumfikia ubavuni, inahesabiwa hukuwahi. Mimi nimejiwekea kwamba nikianza kujiuliza "nimewahi?", basi sijawahi, napita nje. Nimepoteza nafasi chache, na watu bado wananipa nafasi wenyewe kabla sijaomba.

Swali (Mwanga): Naruhusiwa kukimbia ufukweni nikiifuata mashua yangu?

Jibu: Hapana. Kuna eneo la manahodha, kaa humo. Najua limebana tangu maji ya ziwa yapande yakameza ufukwe, lakini ndiyo sababu zaidi ya kutokimbia. Wiki iliyopita mtu alimwangusha mwenzake na rimoti yake kwenye matope akiwahi boya la pili.

Swali (Katonga): Mashua ikinasa kwenye wavu, naweza kuogelea kuichukua?

Jibu: Usithubutu. Hili ni Ziwa Tanganyika, la pili kwa kina duniani, lina mamba, na maboti ya injini yanapita bila kutegemea kukuta kichwa cha mtu. Ikipotewa na mawimbi ya rimoti au ikinasa, tangaza kwa sauti namba yako na kwamba haiongozeki, rudia ili wengine waikwepe, kisha raundi hiyo umeshajitoa. Mtumbwi wetu utaenda kuileta, mpiga kasia akiwa na jaketi okozi. Hakuna mtumbwi, hakuna mbio. Nimesema hili kwenye vikao mpaka wamechoka, na nitalisema tena.

Na huo wavu una mwenyewe. Usiukate kuokoa mkuku, ule uti wa chini ya mashua. Mvuvi yuko kazini, sisi tunacheza, kwa hiyo mtumbwi wake ukipita katikati ya mbio, mashua zote zinampisha, hata yenye upepo wa kulia.

Swali (Tabora): Tuko watu saba, tunataka kuanza klabu Bwawa la Igombe. Tununue mashua gani?

Jibu: Zozote, mradi zifanane. Saba za aina moja, hata za bei ndogo, zina raha kuliko saba za aina saba, maana huko mtabishana nani ana chombo badala ya nani ana mkono. Za sentimita 65 zinabebeka kwenye bodaboda. Zile za mita moja, zinazoitwa IOM (International One Metre), hazitakiwi kupungua kilo nne na zinataka matanga ya aina tatu kwa upepo tofauti; mfuko wenu utalia. Kwanza kabisa ombeni ruhusa kwa wenye bwawa, lile lilijengwa kwa ajili ya maji ya mji.

Lingine: tangu siku ya kwanza mpeane zamu ya kusimamia mbio. Msimuachie mwenyekiti apige filimbi, ashindane, kisha asikilize malalamiko dhidi yake mwenyewe. Nimeiona klabu moja ikifa hivyo, na mashua zake zinauzwa mpaka leo.

Swali (Ujiji): Nikiharibu raundi ya kwanza, si bora nirudi nyumbani?

Jibu: Kwetu mkikimbia raundi nne unafuta mbovu moja, nane unafuta mbili. Kaa.

Swali (Bangwe): Tuweke dau dogo la soda, kuchangamsha tu?

Jibu: Hapana. Soda leo, elfu kumi mwezi ujao, na baada ya hapo hakuna atakayezunguka.

Swali (Kibirizi): Mashua yangu iligeuka yenyewe ikamgonga mtu. Nina hakika rimoti ya jirani iliingilia yangu. Bado nadaiwa mzunguko?

Jibu: Unadaiwa. Kuingiliana kulikuwa ni enzi za rimoti za masafa ya 27 MHz, tulipokuwa tunagawana kristali za kupangia chaneli na kuulizana nani yuko chaneli gani. Kila rimoti ya 2.4 GHz inafungamana na risiva yake moja, kile kipokezi cha ndani ya mashua, hata mkiwa ishirini ufukweni. Chaji betri.