Usiulazimishe mstari upite kwenye sifuri

Ondoa vyuma vyote kwenye springi ya maabara, iache ining'inie tupu, kisha ivute kidogo kwa vidole uiachie. Itapanda na kushuka yenyewe, haraka haraka, bila mzigo wowote. Nilifundisha fizikia miaka minne kabla sijafanya jambo hilo dogo, na katika miaka hiyo minne niliwafutisha wanafunzi mistari iliyokuwa sahihi.

Zoezi lenyewe linajulikana kwa kila aliyepita kwenye fizikia ya sekondari. Springi inaning'inizwa kwenye stendi, inapachikwa mzigo wa gramu 100, kisha 200, hadi 500. Kwanza unapima imerefuka kiasi gani kwa kila mzigo: uzito kwa nyutoni ukiugawanya kwa urefu ulioongezeka kwa mita, unapata ugumu wa springi, ile tunayoiandika k. Baadaye unauvuta mzigo chini kidogo, unauachia, na unapima muda wa mitetemo 20. Gawanya kwa 20, umepata kipindi, T. Ukichora mraba wa kipindi dhidi ya tungamo (kiasi cha mata kilichomo kwenye mzigo), nukta zinajipanga kwenye mstari ulionyooka, na mteremko wa mstari huo ni 4π² kugawanya kwa k. Kwa hiyo k ileile unaifikia kwa njia mbili, mara moja kwa rula na mara ya pili kwa saa.

Siku moja binti mmoja wa kidato cha sita aliniletea grafu yake. Nukta zilikuwa safi, mstari umenyooka, ila ulikuwa unakata mhimili wa wima juu kidogo ya sifuri, kwenye 0.03. Nikamwambia afute. Nilisema, "Bila tungamo hakuna kipindi. Mstari huu lazima uanzie kwenye sifuri." Akafuta, akachora upya kutoka kwenye kona ya grafu. Kwa rula alikuwa amepata k ya nyutoni 25 kwa mita. Kwa mstari wangu wa kulazimisha akapata 23.7.

Wenzake walipotoka alibaki akipanga vyuma kwenye boksi. Kisha akauliza, "Samahani mwalimu, kwani springi yenyewe haina uzito?"

Nilimjibu jibu la kitabu, kwamba uzito wa springi huwa tunaupuuza. Jioni ile swali lake halikuniacha. Nikarudi maabara, nikaining'iniza springi tupu, nikaivuta. Ikacheza. Nikaipeleka kwenye mizani: gramu 60. Nikauchora tena mstari wake ule wa kwanza, nikaurefusha kushoto hadi ukakata mhimili wa mlalo. Ulikata kwenye gramu 20 upande wa hasi, na 20 ni theluthi moja ya 60.

Theluthi hiyo haikutokea kwa bahati. Mzigo unapopanda na kushuka, duara la chini kabisa la springi linakwenda nao kwa kasi ileile. Duara la juu, lililoshikwa na stendi, halitembei hata kidogo. Yale ya katikati yanatembea kwa kasi inayoongezeka taratibu kutoka juu kwenda chini. Nishati ya mwendo inafuata mraba wa kasi, na ukijumlisha mchango wa kila kipande kutoka juu hadi chini, springi nzima inachangia sawa na theluthi moja ya tungamo lake ikiwa imefungwa pamoja na mzigo. Ndiyo maana mlinganyo wenye haki ni T² = 4π²(m + M/3)/k, ambapo m ni mzigo na M ni tungamo la springi. Weka m iwe sifuri, T bado ipo. Kesho yake asubuhi nilimwita yule binti mbele ya darasa, nikamwomba radhi, nikamrudishia mstari wake. Kutoka kwenye mteremko wa mstari ule, k ikarudi kuwa 25.

Ushauri wangu wa kwanza unatoka hapo. Chora mstari unaopita vizuri katikati ya nukta zako, uache ukate pale unapokata, halafu uulize kwa nini umekata hapo. Kuna mtuhumiwa wa pili wa kuchunguza kabla ya kuitaja springi: kile kishikio cha kupachikia vyuma, ambacho mara nyingi chenyewe kina gramu 50. Ukisahau kukihesabu, mstari unasogea kwa gramu 50 zaidi. Kwa springi yetu ungekata kwenye hasi 70 badala ya hasi 20. Ukiona namba kubwa namna hiyo, rudi kwenye jedwali lako kabla hujafikiria theluthi yoyote.

Sasa saa, maana hapa ndipo alama nyingi zinapopotelea. Mwanafunzi anauachia mzigo na papo hapo anatamka "moja". Akifika "ishirini", mitetemo iliyokamilika ni 19. Anagawanya kwa 20, kipindi kinakuwa kifupi kwa asilimia 5. Lakini k inategemea mraba wa kipindi, kwa hiyo kosa linakua: springi ya 25 inakuwa ya 27.7. Na ubaya wake, kosa hilo halionekani kwenye grafu, kwa sababu kila nukta imekosewa kwa kiwango kilekile na mstari unabaki umenyooka vizuri kabisa. Mimi huwafundisha wahesabu wakirudi nyuma. Achia mzigo, uache ucheze mara mbili tatu utulie, kisha fuata mdundo wake: tatu, mbili, moja, sifuri. Kidole kinabonyeza kwenye sifuri, ndipo unaendelea moja, mbili, hadi ishirini. Mdundo unakuandaa, kwa hiyo hata kule kuchelewa kwa kidole kunapungua.

Kuchelewa huko kwa kawaida ni kama sekunde 0.2. Mzigo wa gramu 200 kwenye springi ya 25 una kipindi cha sekunde 0.59. Ukipima mtetemo mmoja tu, kosa ni theluthi ya kitu unachokipima. Ukipima 20, kosa lilelile linagawanywa kwa 20 na kubaki sekunde 0.01. Wanaopima mitetemo mitano ili wamalize mapema wanajinyima jambo ambalo lingewagharimu sekunde tisa tu.

Tena, usihesabu mzigo ukiwa chini kabisa. Najua jicho linapenda pale kwa sababu mzigo unaonekana kusimama, lakini ni kwa sababu hiyohiyo huwezi kusema umefika lini hasa. Katikati, pale unapotulia usipotikiswa, ndipo unapita kwa kasi kuliko kwingine kote, na ukipita umepita. Bandika mshale wa karatasi kwenye stendi sawa na kimo hicho, na uhesabu kila unapoupita ukielekea upande mmoja, tuseme chini. Mtetemo unavyozidi kufifia, ncha za juu na za chini zinasogea. Katikati inabaki palepale.

Kuhusu kuvuta, vuta kidogo. Gramu 100 zinairefusha springi hii sentimita 3.9 tu. Ukivuta sentimita tano, mzigo ukifika juu springi inalegea, chuma kinaruka, na ulichokipima hapo si mtetemo wa springi tena. Sentimita moja au mbili zinatosha. Vuta wima, uachie bila kusukuma pembeni. Na ukiona mzigo umeanza kupanda na kushuka vizuri, kisha wenyewe ukageuka kuyumba kama bembea, halafu ukarudi kupanda na kushuka, usijilaumu kwamba mkono wako ni mzito. Hilo hutokea pale kipindi cha kuyumba kinapokuwa mara mbili ya kipindi cha kupanda na kushuka, yaani mzigo unapoirefusha springi kwa karibu theluthi ya urefu wake wa awali. Badilisha mzigo kidogo, litaondoka.

Upande wa rula nina machache. Weka tofali juu ya kitako cha stendi, kwa sababu stendi inayoinama inaongeza urefu ambao si wa springi. Jicho liwe sawa na mshale wa kusomea, hata kama ni kupiga goti sakafuni. Soma ukiongeza vyuma, soma tena ukivipunguza; springi isiporudi mahali pake pa mwanzo, kuna darasa lililopita liliivuta kupita kiasi, iweke kando. Zipo pia springi ambazo duara zake zimebanana kiwandani, na hizo hazirefuki mpaka mzigo wa kwanza uzibandue. Kwa springi ya aina hiyo, tumia mteremko wa nukta zilizonyooka, usigawanye namba moja moja. Na kama shule haina springi kabisa, ule ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli tunaoutumia mara nyingi hautakupa k ya kuaminika: njia yake ya kurefuka na ya kurudi hazilingani. Ila ni mzuri sana wa kuonyesha kitu kisichofuata kanuni ya Hooke, ile isemayo urefu unaoongezeka hulingana na mzigo, kinafananaje.

Kuna jaribio dogo ninalolipenda kuliko yote, na linafanyika kabla hujaigusa saa. Soma urefu ulioongezeka, tuuite e. Igawanye e, kwa mita, kwa 9.8 (mchapuko wa mvutano wa dunia), tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha zidisha kwa 2π: hicho ndicho kipindi. Huhitaji k wala tungamo. Kwa gramu 200, e ni sentimita 7.84, na hesabu inakupa sekunde 0.56. Rula imekutabiria saa itasema nini! Kisha unapima, saa inasema 0.59. Ile tofauti ya sekunde 0.03 ni springi yenyewe ikidai ihesabiwe. Wanafunzi wakiona hivyo kwa macho yao, sihitaji tena kuwaeleza theluthi inatoka wapi, wanauliza wenyewe.

Huwa naulizwa pia, kwa nini tusumbuke na mitetemo wakati mizani ipo? Mwaka 1973, kwenye kituo cha anga cha Marekani kilichoitwa Skylab, wanaanga walijipima kwa kukaa kwenye kiti kilichofungwa springi na kutikiswa mbele na nyuma. Ukiwa kwenye mzunguko wa dunia, mizani ya kukanyaga haisomi kitu. Kipindi cha mtetemo kinasoma, kwa sababu kinategemea tungamo na ugumu wa springi, hakitegemei uzito. Ni mlinganyo uleule ulio kwenye daftari la kidato cha sita.

Wenzangu walimu, nawaomba jambo moja. Msiwape watoto jibu la k kabla hawajapima. Mwanafunzi anayejua anatakiwa apate 25 atapika namba mpaka zifike 25, na hatakuwa na swali lolote la kuniuliza wenzake wakitoka. Mpeni springi, mpeni mizani aipime kwanza, aandike gramu zake juu kabisa ya ukurasa.

Yule binti hakuishia pale. Wiki iliyofuata aliomba springi mbili za aina moja, akaziunganisha moja chini ya nyingine, na mizigo akaishia gramu 300 kwa sababu zilirefuka sana. Kabla hajaanza aliandika kwenye daftari anachotarajia: k itapungua nusu, 12.5, na mstari utakata gramu 40 upande wa hasi. Akapima kwa vipindi viwili vya darasa. K yake ilikuwa 12.4, na mstari ulikata kwenye 41.