Navuta dirishani, mtoto haachi kukohoa

SWALI: Kamwene, Mama Muuguzi. Mimi ni fundi pikipiki hapa Makambako. Binti yetu wa miaka miwili kifua hakimwishi, hasa ikifika Juni. Dawa zikiisha, baada ya muda tumerudi kwenye foleni ya zahanati. Mke wangu anasema ni sigara zangu. Lakini mimi huvutia dirishani, moshi unaenda nje. Si baridi tu hii?
Baba wa binti mmoja, Makambako

JIBU: Kamwene, baba. Mkeo kakushinda, ingawa si kwa mabao mengi. Baridi ya huko imo: inawafanya mfunge madirisha na kubanana ndani, mafua yanaambukizana, na moshi nao hauna pa kutokea. Hapo dirishani sehemu ya moshi inarudi ndani, na mabaki yake yameganda kwenye koti hilohilo unalombebea mtoto. Njia zake za hewa ni nyembamba na anapumua haraka kuliko wewe. Ndiyo maana watoto wa wavutaji hupata zaidi nimonia, mkamba na maambukizi ya masikio, na wenye pumu hubanwa mara kwa mara.

Matibabu ya walio chini ya miaka mitano hayalipiwi vituo vya serikali, sawa, lakini siku uliyofunga gereji nani anakulipa?

Kilichokuwa kikiniudhi wodi ya watoto ni kufichana. Unauliza, "Nyumbani kuna anayevuta?" Mama anatazama sakafu, baba yuko nje kwenye benchi, anavuta! Safari ijayo mpeleke wewe, useme mwenyewe, na uulize namna ya kusaidiwa kuacha. Kwa sasa vutia mbali kabisa na nyumba, uvue koti na kunawa kabla ya kumbeba. Hiyo inapunguza tu madhara, haiyamalizi. Jiko la mkaa nalo lisiingie chumbani, hata kuwe na barafu.

Tena, msiitwishe sigara kila kitu. Kikohozi kikifika wiki mbili, apimwe kifua kikuu. Na wewe pia, kama unakohoa.

Akibanwa tena, mtulize, mfunue kifua, uhesabu pumzi zake dakika nzima kwa saa ya simu. Kwa umri wake, zikifika 40, mpeleke siku hiyohiyo. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunywa, usingoje kuche.