Kabla hujalipia maombi ya uzamili wa uhandisi umeme mtandaoni

Barua ya kwanza usiiandikie chuo, iandikie TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Taja jina la chuo, jina la programu, na kwamba masomo yote ni ya mtandaoni, kisha uulize kama shahada hiyo inaweza kutambuliwa nchini. Kwa anayeishi Dodoma, ambako ajira nyingi ni za wizara na taasisi za serikali, jibu hilo lina uzito kuliko punguzo lolote la ada.

Linalofuata ni GPA, yaani wastani wa alama zako, na hapa ndipo watu hujitoa wenyewe bila kufukuzwa. Vyuo vingi vya Marekani hutaka 3.0, lakini kwa kipimo cha 4.0. Sisi tunatumia 5.0. Mwenye 3.5, yaani daraja la pili la juu, huchukua kikokotoo, akagawa kwa 5, akazidisha kwa 4, akapata 2.8, akaona hafai. Watathmini wa vyeti hawapigi hesabu hiyo; huangalia alama ya kila somo na maana yake kwenye madaraja ya chuo chako. Kwenye fomu andika 3.5 kati ya 5.0 kama ilivyo, na uambatishe maelezo ya madaraja. Mara nyingi yamechapwa nyuma ya transkripti, na watu huskani upande wa mbele tu.

Jina nalo liangalie mapema. Kama cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, transkripti matatu, na pasipoti imeandikwa kwa herufi tofauti, fuata hati ya kisheria ya majina sasa. IELTS, mtihani wa Kiingereza, hufanywa kwa pasipoti, na matokeo yake hutumika kwa miaka 2, kwa hiyo usiufanye kabla majina hayajakaa sawa. Alama inayotajwa sana ni 6.5.

Kwa upande wa masomo, watakutafutia kalkulasi, milinganyo ya tofauti (differential equations), aljebra ya mstari, nadharia ya uwezekano, sakiti, elektroniki, na ishara na mifumo. Aliyesoma uhandisi wa mawasiliano au wa kompyuta huwa na pengo kwenye mashine za umeme na mifumo ya nguvu. Pengo halikuzuii, ila huenda ukapewa masomo ya kuliziba, na unayalipia. Ukichagua mkondo wa ishara au mawasiliano, pengo hilo halina makali.

Barua za mapendekezo ni 2 au 3. Mhadhiri hutumiwa kiungo cha kupakia barua kwenye barua pepe yake, na mifumo mingi hutaka anwani ya taasisi, si ya binafsi. Kiungo huangukia kwenye takataka (spam), siku ya mwisho inapita. Mpigie simu siku hiyohiyo kiungo kilipotumwa.

Kwenye maelezo ya nia, acha "napenda umeme tangu utotoni". Andika tatizo: volti inavyoshuka mwisho wa laini ndefu ya kijijini, au upepo wa Singida utakavyoingizwa kwenye gridi bila kuiyumbisha. Kurasa 2 zinatosha.

Ukiona yote haya ni mzigo, programu ya University of Colorado Boulder iliyo kwenye Coursera, jukwaa la masomo ya mtandaoni, haiombi transkripti: unalipia masomo ya kuingilia, ukiyafaulu kwa wastani wa 3.0 umeingia. Jumla ni krediti 30. Swali la TCU bado liko palepale.

Mwisho, uliza kama vipindi vinarekodiwa. Kipindi cha saa 12 jioni New York ni saa 7 usiku Dodoma, na majira yao ya baridi yakiingia ni saa 8. Nunua UPS ya kushikilia ruta na kompyuta hadi umeme urudi au mtihani uishe. Mtihani unaosimamiwa kwa kamera ukikatika katikati, maelezo ya kukatika kwa umeme hayapokelewi kila mahali.